Kichwa cha Dakta Ebenezer

Dakta Ebenezer alikuwa fundi wa akili za watoto wa wenzake. Alikuwa na ofisi Levolosi, Arusha mjini, kiti cha kuzunguka, na shahada ambayo mama yake kule Machame aliitundika juu ya picha ya Bwana Yesu, mpaka mchungaji alipokuja kula akamwomba aishushe kidogo.

Wafadhili wakamtuma shule moja ya Olmotonyi kupima kujiamini kwa wanafunzi. Akaona kila mtu mzima akipita, watoto wanamwinamishia kichwa awaguse utosini. Salamu hiyo ya Waarusha alikuwa ameiona barabarani tangu utoto wake, lakini kipimo chake kilisema mtoto anayeinama mbele ya mkubwa ana hofu, na kipimo kilikuja kwa ndege, kingekoseaje?

Akaandika kwamba shule nzima inaumwa hofu, kisha akaitibu. Kila asubuhi mstarini watoto wakafundishwa kuinua kidevu, kumkazia mtu macho na kumpa mkono wa nguvu. Aliyemsaidia ni Mwalimu Naisula, na hapo ndipo daktari naye akaanza kuumwa. Utafiti wa muhula mmoja ukarefuka wenyewe. Naisula akamkubali, ila akamwonya kwamba neno la mwisho ni la baba yake, mzee Tajeu, na mzee huyo akishakataa amekataa.

Jumamosi Ebenezer akapanda kwenda kuposa, suti mwilini, mjomba wake Reginald ubavuni. Njiani akajishauri kisaikolojia: wazee wa huku wanapenda heshima, basi leo ataimwaga yote. Alipofika tu, akamwinamishia mzee upara wake.

Mzee Tajeu akautazama. Akaugusa, maana kichwa kikishaletwa kinaguswa. Kisha akamuuliza Reginald, kwa upole kabisa, kijana huyu atatahiriwa lini.

Reginald akapaliwa na chai. Kwa Waarusha mwanamume akishatahiriwa hutoa mkono. Wa kuleta kichwa ni mtoto. Ebenezer akajitetea kwamba jambo hilo lilishapita zamani. Ushahidi alikuwa nao, ila si wa kutolewa mbele ya mkwe.

"Mjukuu wangu Joyce yuko darasa la kwanza," mzee akasema. "Juzi kanipa mkono, kanikazia macho mpaka nikataka kumpisha kiti. Nikaambiwa mwalimu wao ni wewe. Kijiji kizima umekifanya wazee, Dakta, mtoto umebaki wewe. Nami siozi binti kwa mtoto."

"Naomba radhi, baba."

"Baba bado. Nirudishie kwanza vichwa vyangu. Siku Joyce akiniletea chake, na wewe njoo na mkono wako."

Jumatatu mstarini Dakta akaanza kufundisha kuinama. Watoto walikuwa wameshauonja ukubwa, hawakutaka. Joyce akamjibu kwamba yeye anajiamini. Ikabidi mtaalamu aonyeshe mfano mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, akipita mbele ya darasa la kwanza na upara wake, nao wakimgusa kwa vidole vya mafuta ya maandazi. Wafadhili wakaletewa ripoti ya awamu ya pili, "Kuinama kwa Kujiamini". Wakaipenda, wakauliza kama inaweza kufika na shule za Sokon.

Joyce, aliyeshajua kwamba harusi ya shangazi yake Naisula inasubiri kichwa chake, hakuwa na haraka. Alinyoosha mkono juu, akangoja.

"Inama zaidi, Dakta," Naisula akasema nyuma yake, akibana kicheko. "Mtoto hafiki."