Maji ya Wageni

Kampuni ya mikoko ilipotoa mtumbwi na watu wawili waende juu ya mto wakachote maji matamu kwa ajili ya wageni wa serikali, kambi nzima ya Mtopeni ilifurahi, na aliyefurahi kuliko wote ni Mwanamkuu. Usimcheke. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapikia vibarua arubaini na wawili, na kwa miaka mitatu aliyokaa ndani ya ile mikoko hakuwahi hata siku moja kumkaribisha mtu kwa maji asiyoyaonea haya.

Kambi ilikuwa na kisima, ndiyo. Kisima kilichimbwa nyuma ya vibanda, hatua hamsini tu kutoka pale maji ya bahari yanapoingia na kutoka. Masika yakiwa mazuri, maji yake yalinyweka kwa kufumba macho. Kiangazi chumvi ilipanda, na mwaka ule yaligeuka hata rangi, na chai iliyopikwa kwa maji yale haikukubali sukari hata ukiimwagia kilo nzima. Maji matamu yalikuwepo, lakini mbali: upige kafi na maji yakijaa, uchote, ungoje, urudi nayo yakitoka, na siku imekwisha. Sasa hapo ndipo penye kero yenyewe. Kila kibarua alikuwa na kipande chake, karatasi ya siku thelathini ambayo ikijaa ndipo alipwe, na karani aliichora siku ya kukata mikoko peke yake. Siku ya kuchota maji haikuchorwa. Basi watu wakanywa ya kisima, wakaumwa matumbo, wakapona, wakanywa tena.

Wengine walipona. Mshamu, mtoto wa pekee wa Mwanamkuu, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa akikata boriti hakuna wa kumfikia, alikuwa na siku ya kumi na tisa kitandani, tumbo linamwendesha. Alikwisha kuwa mifupa na macho. Dresa wa Kibiti, yule mtoa dawa wa zahanati, walipompeleka, alimpa dawa ya unga akamwambia mama yake maneno manne tu: maji matamu, tena mengi. Ama sivyo atakauka. Mwanamkuu aliomba mitumbwi ya watu mara mbili, akapata mtungi mmoja, ukaisha. Tangu hapo alikuwa akichemsha yale yale ya kisima na kuyachuja kwa kanga, akimnywesha huku anasoma kila dua aliyoijua.

Aliyewaleta wageni ni Swalehe. Huyu alikuwa mkata mikoko kama wenzake, mtu wa Ruaruke, ila alisoma skuli hadi darasa la nne na kalamu ilikuwa haimpi taabu. Alimwandikia Bwana Shauri, mkuu wa wilaya kule Utete, juu ya maji, kimya. Akaandika tena, kimya. Kisha akasikia kwamba leseni ya kampuni ya kukata mikoko inakwisha, na kampuni inaomba miaka kumi mingine. Serikali nayo inaitaka sana ile biashara, maana boriti za delta zinauzwa hadi Arabuni na Jimbo la Mashariki halina vitu vingi vya kuuza. Lakini leseni haiongezwi hivi hivi. Lazima ipite mbele ya Baraza la Kutunga Sheria, Dar es Salaam. Swalehe akaliandikia Baraza lenyewe. Akawaambia kwamba sheria yao ya kazi inasema mwenye kazi ampatie kibarua maji ya kunywa, na kwamba Mtopeni sheria hiyo haijafika. Hapo Baraza likaunda kamati ya wajumbe watatu, waje wajionee kwa macho yao kabla leseni haijaguswa.

Kwa hiyo siku yenyewe, alfajiri, madebe manne ya maji matamu yalikuwa yamepangwa jikoni kwa Mwanamkuu, na Sadala, mnyapara, alikwisha kumwonya kwamba hayo ni ya wageni, yasiguswe. Mwanamkuu aliyagusa. Alichota kikombe kimoja, akampelekea Mshamu, naye akakinywa mpaka tone la mwisho bila kushusha pumzi. Angeweza kumwongeza, nani angemwona? Lakini alifikiri chai, na kunawa mikono, na hao wajumbe na meneja wao na makarani wao. Akafikiri maji yakikatika katikati ya chakula atauweka wapi uso wake. Akafunika debe kwa kawa, akarudi kukuna nazi.

Swalehe alimkuta hapo hapo juu ya mbuzi ya nazi. Alichuchumaa mlangoni, akamsalimu kwa adabu zote, kisha akamwomba jambo ambalo Mwanamkuu mwanzo alidhani ni mzaha. Alimwomba yale madebe ayafiche, wageni wakiketi awamiminie maji ya kisima.

Lo! Mwanamkuu aliacha nazi yake. Alimwuliza kama ana akili timamu. Watu wametoka Dar es Salaam, wamekuja mpaka kwenye tope hili kwa ajili yetu, na sisi tuwape maji ya kuwaharisha? Alimwambia kwamba yeye amelelewa, hakuokotwa, na kwamba hata adui yake akipiga hodi hatamtilia kinywani uchafu ule. Swalehe alimwacha amalize. Halafu akasema taratibu, "Mama Mshamu, miaka mitatu kampuni hii haijatupa mtumbwi hata wa kubebea maiti. Leo imetoa, na siku za waliochota zimechorwa kwenye vipande vyao. Jiulize kwa nini."

Mwanamkuu hakujiuliza. Alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira na wali jikoni hajiulizi kitu. Alimfukuza.

Boti ya mota iliingia saa nne, maji yamejaa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzungu mrefu, mwenye mawani, aliyejipaka mafuta ya mbu mpaka akang'aa. Mjumbe mmoja alikuwa tajiri wa Kihindi, mtu wa maneno machache. Wa tatu ni Bwana Abbasi, Mwafrika, mtu wa pwani ya juu, kanzu safi na koti, na ndiye aliyekuwa akiwafasiria wenzake. Meneja wa kampuni aliwatembeza. Waliona vibanda vilivyoezekwa upya juzi, wakaona boriti zimepangwa korija korija, ishirini ishirini, wakakagua daftari la karani, na mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha wakaketi bandani kula, maana hakuna mgeni wa kuulizwa shauri akiwa na njaa. Mwanamkuu alipakua wali wa nazi na kaa. Akamimina maji katika bilauri sita alizoazima na kuzisugua jana yake kwa majivu mpaka unaona vidole ng'ambo ya pili.

Mwenyekiti alikunywa bilauri nzima kwa mpigo mmoja, kisha akanyoosha mkono kuomba nyingine. Akasema kitu kwa Kizungu, na Bwana Abbasi akamgeukia Mwanamkuu kumwambia kwamba bwana mkubwa anasema tangu atoke Dar es Salaam hajanywa maji mazuri kama haya. Mwanamkuu aliinamisha kichwa. Nisikufiche, alifurahi. Furaha yenyewe ilimpanda hadi masikioni.

Mahojiano yakaanza. Vibarua waliitwa wakae mbele, wakaulizwa habari za kazi, wakajibu. Wakaulizwa habari za maji. Hapo kila mmoja akaanza kuangalia miguu yake. Meneja amesimama pale, hilo moja. La pili, mgeni bado ana bilauri mkononi. Utaanzaje kumwambia mtu anayekunywa kwako kwamba kwako hakuna maji? Mmoja alisema maji yapo. Mwingine akasema alhamdulillahi. Swalehe peke yake ndiye aliyesimama, akasema yote, ya kisima na chumvi na matumbo na vipande visivyochorwa.

Meneja alicheka. Hakuwa na haja ya kubishana, alisema. Waheshimiwa wameyanywa maji ya kambi hii sasa hivi, na waheshimiwa wana ndimi zao. Mwenyekiti akainua bilauri, akaiangalia kwenye mwanga. Akamwuliza mnyapara kama haya ndiyo maji ya kambi. Sadala akasema ndiyo. Mwenyekiti akamtazama Swalehe namna anavyotazamwa mwongo, kisha akamwambia karani wake jambo, na karani akaanza kuandika.

Mwanamkuu alikuwa amesimama kando na birika. Ndipo ile hesabu aliyoikataa jikoni ilipomwangukia yote kwa pamoja, kwamba mtumbwi haukutolewa kwa heshima ya wageni. Umetolewa kwa sababu meneja aliwajua wao ni watu gani. Alijua Mtopeni hakuna mtu atakayempa mgeni maji ya chumvi, akaitumia adabu yao kuwaziba midomo, na aliyeiziba kwa mkono wake mwenyewe, bilauri kwa bilauri, ni yeye Mwanamkuu. Kutoka kibandani alimsikia Mshamu akijigeuza kwenye kitanda cha kamba.

"Bwana," alimwambia Bwana Abbasi, na sauti yake mwenyewe ilimshtua, "hayo mliyokunywa si maji yetu. Hayo ni ya wageni. Yameletwa jana."

Sadala alimkata jicho. Bwana Abbasi aliwafasiria wenzake, mwenyekiti akavua mawani, na meneja akaanza kusema mwanamke huyu amefundishwa. Bwana Abbasi hakumsikiliza. Alimwomba Mwanamkuu, kwa upole, alete basi maji wanayokunywa wao kila siku, kamati iyaonje.

Mwanamkuu alikwenda. Aliinua kifuniko cha mtungi wa kisima, akazamisha kata ya kifuu, akaitoa imejaa. Akarudi nayo mpaka nusu ya njia, na hapo akasimama. Aliyatazama yale maji, ya rangi ya chai, na vijidudu vinacheza. Akamtazama mwenyekiti, mtu mzima, mgeni wake, na bado ana punje ya wali wake kidevuni.

"Lete, mama," alisema Bwana Abbasi.

"Siwezi, bwana."

"Huwezi nini?"

"Kumpa mgeni maji haya. Niueni, sitampa."

Swalehe alijishika kichwa. Wenzake wengine walimnong'oneza mama wee, wape, wape yaishe. Hakusogea. Bwana Abbasi akageuka kule kunakosikika mtu akiugulia.

"Nani yule ndani?"

"Mwanangu. Tumbo. Siku ya kumi na tisa leo."

"Naye unampa maji gani?"

"Haya."

"Huyu bwana huwezi kumpa, lakini mwanao unampa?"

Mwanamkuu alimjibu kama mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi. "Mwanangu si mgeni," alisema. Halafu akalia, mbele ya wanaume wote wale, kata ingali mkononi.

Bwana Abbasi aliyafasiri hayo kwa Kizungu. Alipomaliza, tajiri wa Kihindi alisukuma bilauri yake mbele, na mwenyekiti naye akaiweka ya kwake chini ikiwa na nusu. Meneja alisema huo si ushahidi. Hakuna mjumbe aliyeonja kitu. Bwana Abbasi akamwambia basi ayaonje yeye, aliye mwenyeji kuliko wote, kisha awaambie yakoje. Meneja hakuyaonja. Karani akaambiwa afute alichokwisha kuandika, aandike upya, na aandike pia hilo la meneja kutoonja.

Yaliyofuata yalikwenda mwendo wa mambo ya serikali. Baraza lilibishana miezi minne, wako waliosema Jimbo litapoteza biashara kwa ajili ya madebe ya maji, mwishowe leseni ikaongezwa miaka mitatu badala ya kumi, na kwa sharti: boti ya maji matamu kila siku ya pili, na atakayekwenda nayo siku yake ichorwe. Mshamu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikwa kwenda nayo, mwembamba bado lakini anacheka. Mwanamkuu hakupewa shukrani nyingi. Wako wanawake wa kambi waliomnunia mwaka mzima kwa kuwavua nguo mbele ya wageni, na yeye hakuwalaumu, maana naye akikumbuka siku ile alikuwa akiona haya mpaka anafunika uso kwa upindo wa kanga.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile maji yalikuwa yanatoka, nahodha anapiga kelele kwamba boti itakwama, na wageni wakaondoka mbio mbio bila kuaga sawasawa. Madebe mawili yalibaki hayajaguswa. Mwanamkuu hakumwuliza Sadala wala mtu yeyote. Alijaza bilauri moja mpaka ukingoni, akaingia nayo kibandani, akapitisha mkono nyuma ya shingo ya mwanawe na kumwinua.

Mshamu aliyaona yale maji meupe ndani ya kioo, akaona ni maji gani. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Alirudisha uso nyuma.

"Wageni wameshakunywa, mama?"

Mwanamkuu akamwambia wameshakunywa wote, wameshiba na wameondoka. Ndipo Mshamu alipokubali kufungua kinywa.