Mikono Nyuma

Kola ya upadri ilimkaa Kiprugut vizuri, na wa kwanza kuliona hilo alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka huo wa 1955, kambi ya askari iliyokuwa nje ya Nakuru, upande wa Lanet, haikuwa imepata kuwa na padri Mwafrika. Jumapili yeye ndiye angekuwa wa kwanza: nyota begani, Biblia mkononi, na askari wakimpigia saluti. Aliingoja siku hiyo kama mtoto anavyongoja nguo ya Krismasi. Tusimcheke sana. Nani hajawahi kujitazama kwenye kioo cha dirisha akajipenda?

Kilichobaki ni neno la mwisho la Padri Whitcombe, mkuu wa makasisi, Mzungu mpole kwa kila kitu isipokuwa mila. Akisikia mtu wa kanisa amerudia mambo ya kwao, basi, mtu huyo kwisha habari yake.

Siku chache kabla ya Jumapili, Kipkemei alimfuata nyuma ya jiko la kambi. Kijana huyu alikuwa ametoka kupigana katika msitu wa Nyandarua, na huko aliua mtu. Tangu arudi alikula peke yake, akichokoa chakula kwa kijiti, wala hakumpa mtu mkono. Askari wa makabila mengine walimcheka. Wa kwao hawakucheka. Nao walitoka msitu huohuo, ila wao walijikaza wakala kwa mikono, macho chini.

"Baba," alisema Kipkemei, maana Kiprugut alikuwa wa rika moja na marehemu baba yake. "Bibi amejifungua kule Kabazi. Kijana. Sasa nikienda, nitabeba yeye na mkono gani?"

"Omba, mwanangu. Damu ya Yesu inatosha."

"Naomba kila siku. Lakini wewe ukitoka Burma hukuomba tu. Baba yangu alikaa na wewe kwa mto mpaka ukawa safi. Sasa yeye hayuko, na mtu hawezi oshwa na mwenye hajapitia. Hapa kambini najua wewe tu."

Kiprugut alihisi kola ikimbana. Kwao, aliyemwaga damu haingii hivi hivi kwa mkewe na watoto. Hukaa kibandani kando ya mto, hagusi chakula kwa mkono, hunyweshwa dawa chungu ya gome na maziwa ya mbuzi, kisha huoga, na mzee aliyewahi kuoshwa humshika mikono na kumrudisha nyumbani. Kiprugut alipitia hayo yote alipotoka vitani. Aliingia mtoni akitetemeka, akatoka akiwa mtu anayeweza kulala usingizi. Hata neno la Mungu alianza kulisikia baada ya hapo, si kabla. Wamisheni hakuwaambia kamwe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye alidhani kata ilishazikwa.

"Ngoja Jumapili ipite," alinong'ona. "Nitakwenda nawe mtoni."

Huenda alikuwa na nia kweli. Lakini habari za askari wa kijiti zilimfikia Whitcombe, naye siku ya pili akawaita wote wawili uwanjani, mbele ya kikosi.

"Kiprugut," alisema, "hii desturi ya kuosha damu kwa mto, wewe najua? Wewe napata kufanya?"

Kipkemei alisimama wima, akimtazama baba yake wa rika. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alijua atatetewa.

"Hapana, bwana," alisema Kiprugut. "Ni ushirikina wa watu wasiosoma. Mimi siijui."

Jogoo hakuwika, ilikuwa mchana wa jua kali. Kipkemei aliinamisha macho, na ni yeye aliyeonekana kuona haya, kana kwamba ndiye aliyesema uongo. Whitcombe alimpiga Kiprugut begani, palepale nyota zitakapokaa.

Jumapili ikafika na kila kitu chake: bendi, saluti, nyota. Kiprugut hakufurahia hata kimoja. Ulipowadia wakati wa meza ya Bwana, askari walipiga magoti mstari mmoja, naye akawapitia na mkate, akiwawekea viganjani.

Alipomfikia Kipkemei hakuona viganja. Mikono ilikuwa nyuma ya mgongo, na kinywa wazi.

"Mkono wangu bado, effendi," alisema Kipkemei polepole.

Effendi. Si baba. Neno hilo analoitwa ofisa yeyote lilimchoma Kiprugut kuliko tusi. Aliona aibu ikimpanda toka miguuni, akatamani ardhi ipasuke immeze, na nyota zake zote. Alimtia mkate kinywani, akasogea haraka kwa mwingine.

Mwingine naye alikuwa ameweka mikono nyuma. Na aliyefuata, na wa baada yake, wale wote wa kwao waliotoka msituni, mpaka mwisho wa mstari, vinywa wazi, wakimtazama.

Nyuma yake Whitcombe alinong'ona kwa furaha, "Vizuri sana. Wewe nafundisha watu heshima."

Kiprugut aliendelea kuwalisha mmoja mmoja, kwa mkono wake uliooshwa.