Doa la Unyayoni

Mashavu alikanyaga udongo wa kukandikia nyumba kwa mguu mmoja. Mwingine aliufunga kipande cha kanga, maana doa la unyayoni lilikuwa limeanza tena kutoa damu.

Lilianza kabla malori hayajawahamishia kwenye kijiji kipya cha Ujamaa, huko Mazingara. Lilikuwa dogo kama punje ya ufuta. Baada ya kuhamishwa likatanuka, kingo zikapindapinda, huku jeusi tii, huku kahawia. Halikuuma. Mumewe, Mhina, alidhani mwiba umebaki ndani. Wakalichimba kwa pini, wakabandika majani. Halikupona.

Dominiko, mganga wa zahanati, alipopita kuchanja watoto aliutazama mguu ule kwa muda mrefu. Akawaambia doa jeusi linalobadilika, linalokua na kuvuja damu, si mwiba. Aende hospitali Korogwe upesi, likatwe kabla ugonjwa haujaingia mwilini.

Lakini Yordani, katibu wa kijiji, alikuwa amekataza mtu kutoka bila ruhusa yake, kwa kuwa wengi walitorokea mashamba yao ya zamani. Mhina akamwendea pamoja na mkewe.

"Linauma?" Yordani aliuliza.

"Haliumi, ndugu katibu. Mganga anasema tusingoje liume."

"Basi avune kwanza pamba ya kijiji. Mgonjwa asiyeumwa namjua. Huyo ni mtoro."

Mashavu akavuna, akichechemea. Pamba ilipokwisha, uvimbe mgumu ulikuwa umemtoka kinenani. Ndipo Yordani akamruhusu apande lori lililobeba marobota.

Huko Korogwe daktari aliuliza kwa nini walikaa nyumbani muda wote huo. Mhina akainama. Daktari akabonyeza kinena, akabonyeza tumbo, kisha akamfunika Mashavu shuka polepole. Alisema watamsafisha kidonda kisitoe harufu. Habari za kukata hakuzitaja.

Walirudi. Siku zake za mwisho Mashavu alikuwa akigutuka usingizini, akiuliza kwa Kizigua kama wamefika nyumbani.

Mashavu alipokufa, Mhina aliomba akamzike kule walikotoka, kando ya mama yake. Yordani akakataa. Alisema kijiji sasa kina mahali pake pa kuzikia, ila hapajaanza kutumika. Alikuja mwenyewe na kamba, akapima kaburi la Mashavu lilingane na mstari wa nyumba. Watu walipoanza kuchimba, yeye akasogea hatua chache, akaivuta kamba, akapigilia vigingi vya kaburi la pili.