Lebo Iliyokunjwa Pembe

Kitu cha kwanza alichokiona mwosha vyupa ni kwamba lebo ya kichupa ilikuwa imenyooka. Dada yake, fundi katika maabara hiyo hiyo anakoosha vyupa, hukunja pembe ya kila lebo anayobandika, maana mdogo wake aliishia darasa la tano na herufi ndogo humpiga chenga.

"Hata protini hazisomi," dada aliwahi kumwambia. "Seli ikitengeneza protini mpya, uzi wa RNA ndio unaobeba maagizo. Protini nyingine huja kuushika, lakini zinapapasa tu. Zikikuta uzi umejikunja kama kibanio cha nywele, kikunjo kile kile zinachokijua, hapo hapo zinang'ang'ania."

"Kumbe ndugu zangu!"

"Ndugu zako, ila zenyewe hazivunji vyupa."

Kwenye jaribio, uzi aliotengeneza dada ulishikwa na protini. Ule wa Mkuu wa maabara haukushikwa. Wiki iliyofuata, kichupa cha uzi ulioshikwa kilikuwa na jina la Mkuu kwenye lebo iliyonyooka, na dada akafukuzwa kwa kosa la kuchanganya vichupa.

Jumatatu asubuhi protini zilitoka kwenye jokofu, kila moja kubwa kama punje ya harage. Zilitembea mezani zikipapasa kichupa kimoja kimoja. Zilipofika kwenye chenye jina la Mkuu zilikikumbatia, kisha zikakunja pembe ya lebo. Mkuu akainyoosha. Kesho yake zikaikunja tena.

"We, nani anachezea lebo zangu?"

"Protini, bosi."

Mkuu alimtazama mwosha vyupa kwa jicho la pembeni. "Zimeambiwa na nani?"

"Hazisikii, bosi. Zinapapasa."

Akaagiza lebo za bati. Protini zikakunja bati. Mwishowe watu wakazoea. Mfagiaji akawa anazisogeza kando, anafuta meza, anazirudisha. Jina la Mkuu likabaki pale pale, pembe imekunjwa.

Nyumbani, dada alikuwa jikoni na makopo mawili. Alisoma neno "sukari," akalisoma tena, kisha akaonja.

"Labda kweli nilichanganya, mdogo wangu. Mkono wangu siuamini tena."

Mwosha vyupa alivua viatu, akavipanga mlangoni, akavipanga upya.

"Hukuchanganya, dada. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya beseni. Nilimwona akibandua lebo yako, naye akaniona. Akaniuliza kama bado naitaka kazi. Nikamjibu, ndiyo, bosi."