Makofi Yalikuwa ya Wageni

Mpira uligonga ubao, ukazunguka kwenye pete ya chuma, ukatumbukia. Adela akageuka kuwatazama watu wake, tabasamu liko tayari mdomoni, na hapana hata mmoja aliyemtazama. Uwanja mzima ulikuwa umeinamisha vichwa, wazee kwa akina mama, kana kwamba kuna mtu kaangusha kitu cha aibu na adabu ni kujifanya hukuona. Upepo wa Ufipa, ambao hauna adabu yoyote, ndio peke yake uliovuma.

Kwanza alidhani amevunja sheria. Akamtafuta Sista Marselina kwa macho, akamwona anarukaruka kando ya mstari wa chokaa, shela imekwenda upande, anapiga makofi peke yake. Basi mpira ulikuwa halali. Sasa hawa wengine wamepatwa na nini?

Hakupata muda wa kufikiri. Wageni waliuanza mpira, wakapasiana haraka, na msichana wao mmoja mrefu, mwembamba, akautia kikapuni. Hapo uwanja ukafufuka. Wanaume walichutama, wakakunja viganja na kupiga makofi mazito ya taratibu, yale ya kumsalimu mtu wa heshima. Wanawake wakapiga vigelegele. Na mbele yao wote, amechutama kuliko wote, alikuwa Evaristi wa kijiji cha Kate, baba yake mzazi.

Adela alisimama katikati ya uwanja mikono ikining'inia. Bertilla, mwenzake wa timu, akampita mbio na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Tumewakosea nini?"

"Sijui," Adela akasema. Na kweli hakujua.

Chuo cha ualimu cha masista kilikuwa nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, na mchezo wenyewe aliuleta Sista Marselina kutoka kwao Kanada. Pete zilifuliwa na mhunzi, vikapu walivisuka akina mama wa Chala kisha vikatobolewa kitako, jambo ambalo akina mama hao hawajalielewa mpaka leo, maana nani anaagiza kikapu kizuri halafu anakitoboa? Mpira ulikuwa mmoja tu, na blada yake ya ndani imezibwa viraka kwa fundi baiskeli. Miaka yote wasichana walikuwa wakicheza wenyewe kwa wenyewe, watazamaji wao ni mbuzi wa misheni. Siku hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheza mbele ya watu, tena na wageni, wasichana wa chuo kimoja cha ng'ambo ya mpaka, upande wa Rodesia.

Na haikuwa siku ya kucheza tu. Mwezi wa Agosti kulikuwa na mashindano ya vyuo vya wasichana Tabora. Bwana Elimu wa jimbo, ofisa Mwingereza mwenye tahadhari nyingi, alikuwa amesema hawezi kuwapeleka binti za Wafipa safari ndefu namna ile wakachezee mbele ya umati, ikiwa wazazi wao wenyewe hawaupendi mchezo. Kuja mwenyewe hakuweza. Alisema atasoma gazeti. Wazazi wakionekana wanawashabikia binti zao, wataenda. Wasipoonekana, atawapa wengine nafasi. Adela alikuwa anamaliza chuo mwaka huo na alikwisha pangiwa kufundisha kijijini kwao Kate, ambako hakuna uwanja, wala pete, wala mpira. Kwake yeye kulikuwa na Tabora, au basi.

Gazeti lilikuwa limemtuma Bwana Mwinjuma, kijana wa Tabora mwenye koti na tai, aliyekaa kwenye benchi la kanisa lililotolewa nje kwa ajili yake. Asubuhi alimwambia Adela bila kuficha, "Dada yangu, mpira wa miguu naujua. Huu wenu siujui. Kwa hiyo mimi nitawatazama watu." Adela alifurahi kusikia hivyo. Watu wake anawajua. Wametoka Kate kwa miguu kwa ajili yake, watapiga kelele mpaka Bwana Elimu azisikie huko huko ofisini.

Walishinda. Adela peke yake alitia vikapu vingi kuliko wageni wote, na kila alipotia, vichwa viliinama. Kuna wakati Mama Silvana, jirani yao, aliyemsuka Adela nywele tangu utotoni, alijisahau akafungua mdomo. Evaristi akamtupia jicho, naye akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga haraka haraka. Adela aliyaona yote hayo. Filimbi ya mwisho ilipolia, umati ukawafuata wageni walioshindwa, ukawapigia makofi, ukawapa maji na togwa, ukawasifu. Wale wasichana wa Rodesia wenyewe walikuwa wanatazamana. Yule mrefu alikuja kumuuliza Adela kwa wasiwasi kama wao ndio walioshinda.

Mwinjuma alimfuata Adela kando ya kisima. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana anamwonea huruma.

"Pole, dada. Hapa kwenu hawapendi mcheze, au hawakupendi wewe?"

"Wananipenda."

"Mimi sijaona. Nimeona watu wameona haya. Kila ukifunga, wanatazama chini. Yule mzee wa mbele ndiye aliyekuwa anawaongoza. Unamfahamu?"

"Ni baba yangu."

Mwinjuma akatikisa kichwa polepole. "Basi pole sana," akasema. "Mimi naondoka kesho asubuhi na lori la Huseni, kwenda kupanda gari moshi Mpanda. Nitaandika nilichokiona. Uongo siwezi kuandika, hata kwa huruma."

Adela akaenda kumtafuta baba yake, hasira imemkaba. Alimkuta nyuma ya jiko la misheni amekaa na wenzake wa Kate wanakula ugali wa ulezi na maharage. Akapiga magoti kama ilivyo desturi, ingawa siku hiyo magoti yalikuwa mazito kupinda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Evaristi alimtazama mara moja tu, akayarudisha macho kwenye sahani, lakini uso wote ulikuwa unacheka. "Umechoka?"

"Baba, nimewakosea nini?"

"Nani? Sisi?"

"Nilikuwa nafunga, mnanyamaza. Wale wanafunga, mnapiga makofi."

Evaristi akawatazama wenzake, nao wakamtazama. Ilikuwa zamu yao kutoelewa.

"Sasa tungefanyaje?" akauliza.

"Mngetushangilia sisi."

"Mbele yao?"

Adela akaitikia kwa kichwa.

"Watu wametoka mbali," Evaristi akaendelea, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto jambo dogo. "Wamelala kwetu, wamekula kwetu. Halafu sisi tusimame mbele yao tuseme, tazameni mtoto wetu alivyo hodari, wa kwenu je? Mtu mwenye akili anamsifu mtoto wake mbele ya mgeni? Yule sista wenu alikuwa anafanya hivyo, anarukaruka anawasifu watoto wake mwenyewe. Tulimwonea haya. Tukasema, huyu ni mzungu, hana wa kumwambia."

"Lakini baba, ni mchezo."

"Tulinyamaza vizuri," Evaristi akasema, na sasa fahari haikufichika tena. "Nilikuwa naogopa Mama Silvana huyu atatuaibisha. Lakini wote tulinyamaza. Wewe ulipotia ule wa mbali, nikasema moyoni leo nitapasuka. Sikupasuka. Nilikaza meno."

Mama Silvana akaguna kukubali na kufuta jicho kwa ile kanga yake.

Adela hakujua aweke wapi hasira yake. Jambo lenyewe alilijua tangu utoto. Hata nyumbani, mtu akimsifia uji alioupika, mama yake alikuwa akisema, ah, umeungua huo. Ila hakuwahi kufikiri kwamba desturi hiyo inaweza kutembea kutoka Kate hadi uwanjani, ikakaa mstari wa mbele. Akawaeleza habari ya gazeti, na Bwana Elimu, na Tabora. Walimsikiliza wote. Sahani ya Evaristi ilipoa mkononi.

"Kwa hiyo tumekuharibia," akasema mwishoni.

"Kesho asubuhi mwambie yule mwandishi, baba. Umwambie tu kwamba mmefurahi. Basi."

"Nitamwambia," Evaristi akasema. "Hilo si gumu."

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Wageni wa Rodesia walikuwa wameondoka alfajiri, na Huseni, mtoto wa Mwislamu mwenye duka pale mjini, alikuwa chini ya boneti ya lori lake akilibembeleza liwake. Wazazi wa Kate walikuja wote kumsindikiza Mwinjuma, maana mgeni haachwi aondoke peke yake. Adela alisimama kando ya mwandishi ili kama kuna neno litapotea, alidake.

Evaristi akasogea mbele, amevaa koti lake la kanisani.

"Bwana mwandishi," akaanza, "jana tumeona mchezo."

"Ndiyo, mzee. Mliuonaje?"

Evaristi akavuta pumzi. Adela alimwona anaitafuta ile sentensi, anaikaribia, kisha anaikwepa kama mtu aliyekutana na nyoka njiani. "Wageni walicheza vizuri sana," akasema. "Yule mrefu, loo, ana mkono. Hawa wetu... wanajitahidi tu. Bado wanajifunza."

"Na binti yako?"

"Huyu?" Evaristi akacheka kicheko kikavu. "Huyu hata kupika hajui."

Mwinjuma akaandika. Adela alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona Tabora inaondoka zake, mstari kwa mstari, kwa kalamu ya risasi, na aliyeifukuza ni mtu anayempenda kuliko watu wote.

Evaristi akamwona uso. Halafu akaiweka fimbo yake chini. Akapiga hatua moja nyuma, akachutama kwenye vumbi mbele ya binti yake, akakunja viganja, akaanza kumpigia makofi.

Yalikuwa makofi yale yale mazito ya taratibu. Mtoto humpigia mzazi, kijana humpigia mzee, watu humpigia chifu. Baba hampigii mtoto. Adela alikuwa hajawahi kuona kitu hicho, wala kusikia kimetokea popote. Nyuma wazee wa Kate walitazamana wasijue la kufanya. Mama Silvana akawa wa kwanza kutua mzigo wake, akachutama. Na mmoja mmoja wengine wakashuka, mpaka wote walikuwa chini wanapiga makofi, na hakuna aliyeinua macho.

Adela alitaka kumwinua baba yake, alitaka kukimbia, alitaka wasiache kamwe.

Mwinjuma aliangalia kulia na kushoto. "Huseni, wanafanya nini hawa?"

Huseni alikuwa amezaliwa Sumbawanga na alielewa vizuri sana. Alitoa kichwa chini ya boneti, akaangalia, akaivua kofia yake. "Mimi dereva," akasema. "Muulize anayepigiwa."

Mwandishi akamgeukia Adela, kalamu mkononi. "Dada, nieleze niandike. Wanafanya nini?"

Jibu lilikuwa fupi. Wananisifu mimi. Maneno mawili matatu tu, na Tabora ni yake. Ilimpasa ayatamke pale, kwa mgeni, amesimama wima, baba yake yuko chini vumbini na mvi zake zinaonekana utosini. Akafungua mdomo. Jana alimwona baba yake mjinga. Sasa ulimi wake mwenyewe uligoma kabisa.

"Wanakuaga wewe, bwana," akasema. "Ndivyo tunavyomuaga mgeni."

Mwinjuma alifurahi. Akainama kidogo kuwashukuru wazee, akaandika, akapanda. Lori likakohoa, likawaka, likashika njia ya Chala.

Adela alikuwa amekwisha piga magoti. "Baba, inuka, tafadhali."

Evaristi akainuka akijipangusa. Alilitazama vumbi la lori, kisha akamtazama binti yake usoni, safari hii bila kukwepesha macho. "Umesema vizuri, mama," akasema. Adela akalia, na angeulizwa analilia nini asingeweza kusema.

Gazeti lilipofika dukani kwa akina Huseni lilisema Wafipa ni watu wakarimu mno, wanaowapigia wageni magoti, ila mchezo wa binti zao bado haujawaingia moyoni. Chuo kingine kilienda Tabora.

Sista Marselina hakuelewa kitu, na hakuna aliyeweza kumweleza. Adela alipokwenda Kate kufundisha, Sista alimpa ule mpira wa viraka na pete moja. Adela akaifunga pete kwenye nguzo nyuma ya darasa, na jioni, watoto wakishaondoka, alikuwa anarusha peke yake.

Siku moja alirusha kutoka mbali sana, mpira ukaingia bila kugusa chuma. Akageuka. Baba yake alikuwa anapita na jembe begani, akitoka kwenye ulezi. Evaristi alisimama ghafla, akainamisha kichwa, akakaza meno mpaka taya likaonekana, kisha akaendelea na njia yake bila kusema neno. Adela hakujua acheke au alie. Akauokota mpira, akarudi pale pale, akarusha tena.