Hoja ya Mama Haishiki

Walimwita Wakili tangu akiwa darasa la tatu, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Siku moja alichelewa shule, mwalimu akamuuliza sababu, naye akamthibitishia mbele ya darasa zima kwamba hakuchelewa yeye, kengele ndiyo iliyowahi. Viboko alivila, na jina likamganda. Alipokua akawa msusi, akafungua saluni yenye viti viwili na kioo kimoja kirefu, na wateja wakamfuata kwa ajili ya mikono yake na kwa ajili ya mdomo wake vilevile. Mtu akija na ugomvi wake, aliondoka nywele zimelala na ugomvi umesimama vizuri kuliko alivyouleta.

Basi karani mmoja wa chuo, aliyekuja kusukwa, aliposema kwamba chuo cha sheria siku hizi kinapokea hata watu wazima ilimradi wafaulu mtihani wa kuingilia, saluni nzima ikamgeukia mwenye saluni. Wakili akacheka. Aliyelibeba jambo lile kwa mikono miwili ni mama yake.

"Nenda kasome, mwanangu," mama alisema. "Sitaki kufa kabla sijamwona huyu seremala ameshika adabu."

Seremala alikuwa jirani wa mama, ukuta kwa ukuta. Mashine yake ya randa ilianza kulia asubuhi mapema, na vumbi la mbao likapanda, likavuka ukuta, likatua kama unga juu ya mashuka meupe ya mama. Mama naye akimaliza kufua alimwaga maji yake palepale chini ya ukuta, yakapenya upande wa pili mpaka kwenye mbao za seremala. Nani alianza? Hakuna aliyekumbuka, ila kila mmoja aliapa kuwa si yeye. Kesi ilikuwa imepelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa mara nyingi mno, hata mwenyekiti akimwona mama anakuja kwa mbali, alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kwenda kumwona.

Wakili akajiandikisha. Masomo ya kujiandaa na mtihani yalifanyika Jumamosi mchana katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wameketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa kidevuni. Aliyewafundisha alikuwa hakimu mstaafu, mtu mkavu kama chaki aliyoishika, asiyejua kuinua sauti. Mwanafunzi akitoa hoja, mzee aliisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa kidogo kama anayeonja chumvi, kisha akasema, "Haishiki." Na ni kweli, haikushika.

"Sikuulizi unaamini nini," aliwaambia. "Wala sikuulizi unampenda nani. Nakuuliza, je, hilo unalosema mwisho linatokana na hayo uliyosema mwanzo? Au umeruka mtaro ukadhani umepita darajani?"

Wakili alirudi nyumbani siku ya kwanza amekasirika, siku ya pili amenyamaza, na baada ya hapo amenaswa. Maisha yake yote alikuwa akishinda mabishano kama mtu anayeshinda mieleka kwa kukaa juu ya mwenzake. Sasa alionyeshwa mifupa iliyo ndani ya maneno: huu ndio msingi, hili ndilo hitimisho, na hapa katikati kuna kitu mtu amekificha, pengine hata mwenyewe hajui kama amekificha. Akawa anaiona mifupa hiyo kila mahali. Hapo ndipo mambo yalipoanza kumharibikia.

Mteja wake wa siku nyingi, mke wa dereva wa lori, aliketi kitini siku moja akashusha pumzi nzito.

"Dada Wakili, mume wangu kanunua marashi mapya. Ana mwanamke."

Zamani Wakili angesema, "Marashi? Na mashati je? Hebu niambie kuhusu mashati." Na wangeendelea hivyo mpaka msuko wa mwisho, mteja analia kwa raha. Sasa alilisimamisha chanuo hewani.

"Au labda yale ya zamani yameisha," alisema.

Mke wa dereva alimtazama kupitia kioo kama mtu aliyetemewa mate. "Kwa hiyo unamtetea?"

"Simtetei, dada. Nasema tu kwamba marashi peke yake hayathibitishi mwanamke."

Mke wa dereva alilipa, akashukuru kwa ustaarabu uliotisha, na wiki iliyofuata wakamwona akiingia saluni ya upande wa pili wa barabara. Hakuwa wa mwisho. Msaidizi wa Wakili, msichana mwenye vidole vyepesi na uvumilivu mfupi, alivumilia kwa muda, kisha akasema, "Dada, samahani, mteja haji hapa kutafuta ukweli. Ukweli anao nyumbani, ndio anaoukimbia."

Wakili alikiri kwamba hoja hiyo ilishika.

Zilipobaki wiki chache kabla ya mtihani, hakimu mstaafu aliwapa zoezi. Kila mtu achague ugomvi anaoujua vizuri, kisha aandike hoja zenye nguvu za upande anaouchukia. "Mkishaziandika," alisema, "zibomoeni. Asiyeweza kusimama kwenye viatu vya adui hawezi kumvua."

Wakili hakuhangaika kutafuta. Akamwandika seremala. Alianza kwa mzaha, na kadiri alivyoendelea mzaha ukamtoka. Mama alidai mashine ile ndiyo iliyompa presha, lakini presha ya mama ilijulikana siku seremala bado anatumia randa ya mkono. Mama alidai hana pengine pa kuanika, lakini mbele ya nyumba kulikuwa na uwanja wa kutosha na jua la bure. Na mashuka yale meupe, mbona hakuna aliyewahi kuyalalia? Wakili aliweka kalamu chini. Mama alikuwa anafua mashuka safi na kuyaanika chini ya vumbi ili apate ushahidi.

Hakuweza kuzibomoa. Alijaribu, akashindwa, akajiambia labda amechoka.

Mama hakujua habari hizo. Yeye alijua tu kwamba binti yake anasoma sheria, na kwake kujiandaa kuingia chuoni na kumaliza chuo ni kitu kimoja. Siku mwenyekiti wa mtaa alipoishiwa kabisa na visingizio na kukubali kuisikiliza kesi, mama alimpitia Wakili saluni akiwa amevaa gauni lake la harusi za watu.

"Leo," alisema, "ni leo."

Ofisi ya mwenyekiti ilikuwa chumba kimoja chenye meza, benchi na feni iliyozunguka kwa hiari yake. Seremala alikuwa amefika tayari, ameketi pembeni ya benchi na unga wa mbao kwenye nyusi. Wakili alimwamkia, "Shikamoo, fundi." Mama alimfinya kiunoni. Adui haamkiwi.

Mama alisema yake, seremala akasema yake, na maneno yalikuwa yaleyale, yamechakaa kama ngazi ya shule. Kisha mama akakunja mikono kifuani. "Sasa atasema mwanangu. Huyu anasomea."

Wakili akasimama. Aliazimia, hilo aliapa baadaye kwa kila aliyekubali kumsikiliza, kumtetea mama yake. Ila alikuwa amefundishwa kuanza na hoja za upande wa pili, uzitaje kwa haki, kisha uziangushe moja baada ya nyingine. Akazitaja. Alizitaja vizuri, kwa utaratibu, kwa sauti ileile tulivu ya hakimu mstaafu: presha ilitangulia mashine, uwanja wa mbele una jua, mashuka hayajawahi kulaliwa. Mwenyekiti aliacha kuchokonoa meno. Seremala alifungua mdomo akasahau kuufunga.

Halafu ukafika wakati wa kuziangusha. Wakili akavuta pumzi. Akamtazama mama, akaitazama feni, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la tatu akakosa la kusema.

"Endelea," mama alinong'ona. "Mmalize."

"Mama," alisema taratibu, "hoja hii ya kwetu haishiki."

Seremala akapiga paja kofi. "Mungu mkubwa! Mtoto kasema!"

"Na wewe, fundi," Wakili akamgeukia, maana haki ikishamwingia mtu haijui kuchagua, "unasema maji ya mama ndiyo yanayovimbisha mbao zako. Paa la karakana yako linavuja kama chujio, mtaa mzima unajua. Mbao za upande wa ukuta zimevimba, na za katikati je, ambazo hakuna maji ya kufua yanayofika? Umemwambia nani kuhusu hizo?"

Kofi la pili la seremala halikufika pajani.

Mwenyekiti aliinama mbele kwa matumaini ya mtu anayeona mwisho wa safari. "Kwa hiyo haki nimpe nani?"

"Hakuna aliyethibitisha chochote, mwenyekiti."

"Ahsante," mwenyekiti alisema, na alimaanisha. Alifunga faili, akafunga ofisi, akaenda zake.

Njia ya kurudi ilikuwa moja kwa wote, kwa kuwa majirani hawana njia mbili. Mama alitangulia. Seremala akafuata kando yake, hatua kidogo nyuma. Wakili alibaki mwisho, amebeba mkoba wa mama, kama mtumishi aliyevunja sahani. Walipofika dukani, seremala akakohoa.

"Pole, Mama Wakili."

Mama hakugeuka. "Kikulacho ki nguoni mwako, fundi."

"Mbele za watu! Paa langu! Kwani paa lilimkosea nini?"

"Na mashuka yangu je? Mtoto nimemnyonyesha mimi, leo anahesabu mashuka!"

"Ana mdomo yule."

"Hana mdomo, ana wembe."

Wakacheka. Walicheka kwa uchungu kwanza, kisha wakacheka tu, na walipofika kwenye lango la mama walisimama pale wakimsengenya Wakili huku Wakili mwenyewe amesimama hapohapo na mkoba. Kabla wiki haijaisha seremala alikuwa amesimika nguzo mbili za kuanikia nguo kwenye uwanja wa mbele, mbao safi, zimepigwa randa mpaka zinateleza. Maji ya kufua yakaanza kumwagwa kwenye maua.

Kwa binti yake mama alikuwa bado mbao isiyopigwa randa. Wakili alipokwenda kumsalimia, alikaribishwa kwa heshima zote za mgeni: kiti kizuri, chai kwenye kikombe cha kabatini, "na huko kwenu hamjambo?" Hakuna tusi lililomuuma kama kikombe kile. Alitamani kusema kwamba ugomvi umeisha kwa sababu yake. Ila alijua mzee wa chaki angemjibu nini: kilichokuja baada ya jambo si lazima kiwe kimeletwa na jambo hilo.

Mtihani wa kuandika aliufanya akatoka bila kujua amefanya nini, hali iliyowapata wote waliotoka naye. Jina lake likaonekana kwenye ubao wa waliofaulu, akaitwa kwenye usaili. Waliomsaili walikuwa watatu, nyuma ya meza ndefu. Mwanamke wa katikati alimuuliza kwa nini anataka kusoma sheria, akajibu kwamba anataka kuwatetea wanyonge, kama walivyojibu wote waliomtangulia. Walikuwa wamelifanyia mazoezi jibu hilo pamoja.

"Je, umewahi kusuluhisha ugomvi wowote?"

Wakili alifikiri. "Kuna ugomvi mmoja uliisha baada ya mimi kusema. Lakini uliisha kwa sababu pande zote mbili zilinichukia mimi kuliko zilivyochukiana."

Mwanamke wa katikati aliandika kitu kirefu. Wa kushoto alitoa leso akajifanya anapiga chafya.

Alipokelewa chuoni. Mama aliposikia alitangaza mtaa mzima kabla ya machweo, akieleza kwamba akili ile ameitoa kwake yeye, na kwamba ndiye mtoto aliyewapatanisha yeye na seremala, kazi iliyomshinda mwenyekiti. Kikombe cha kabatini kikarudi kabatini. Wakili alimsikiliza mama akisema yale kwa wageni, akaona mashimo matatu katika hadithi, akaenda kuosha vyombo.

Siku chache kabla ya masomo kuanza, alipita tena kwa mama, akamkuta amevaa gauni la harusi za watu. Seremala alikuwa amesimama mlangoni, amenawa hata nyusi. Upande wa pili wa barabara alikuwa amehamia fundi wa kuchomelea vyuma, na cheche zake, kwa maelezo ya mama, zilikuwa zinaharibu macho ya watu wema. Kesi ilikuwa inakwenda kwa mwenyekiti.

Wakili akachukua mkoba wake. "Ngoja nivae viatu, twende."

Mama na seremala wakatazamana.

"Wewe pumzika, mwanangu," mama alisema, akimpapasa shavu kwa upendo mkubwa. "Si unaanza masomo? Leo atanisemea fundi."

Wakashuka njia pamoja, seremala akifanya mazoezi ya hoja zake kwa sauti, na kila baada ya hatua chache mama akimwambia kwamba hiyo ni nzuri, hiyo waiweke mwanzo.