Mstari wa Kijani

Haidrojeni ya kimiminika ilikuwa inatuponyoka. Kwenye kioo cha kompyuta ya Verna Stallings ilionekana kama mstari wa kijani ulioteremka taratibu, na kila tulipoutazama ulikuwa chini zaidi. Hakuna aliyeimwaga. Jua liligusa ubavu wa tangi, nayo ikachemka, ikawa mvuke, ikatolewa nje na kupotea.

Kazi yetu pale Huntsville, Marekani, katika chumba cha kuongozea vyombo vya angani, ilikuwa kuihamisha kutoka tangi kubwa hadi tangi dogo, yote mawili yakiizunguka dunia. Tangi dogo lilipaswa kupozwa kwanza, kwani kimiminika chenye baridi kali kama hicho kikigusa chuma chenye joto hufumuka na kuwa mvuke. Curtis Odom, mkuu wa zamu, alipitisha swali meza kwa meza: tayari? Mimi niliyesimamia vali, yaani milango ya mabomba, nilijibu tayari. Wenzangu wakajibu tayari. Verna, aliyesimamia joto, akasema, "Bado."

Alikuwa amesema hivyo jana yake pia. Na kwetu, meza ikisema bado, haiulizwi sababu mpaka zamu iishe. Hivyo hasira zilitafuta njia nyingine. Odom alisonya, akarudia karanga zake za kuchemsha, akizimenya kama zimemtukana.

Nilimfuata Verna jikoni.

"Bi Verna, kipimajoto kimoja tu ndicho kinachosema tangi dogo bado lina joto. Labda kimebanduka."

"Labda, mdogo wangu."

"Sasa tunangoja nini? Kituombe radhi?"

Alicheka, kisha akaacha. "Nikisema bado, wote mnanyamaza. Hujui raha yake."

Jioni ikifika, haidrojeni iliyobaki isingetosha kuhamishwa, na hakuna ambaye angeturushia tangi jingine. Verna alikuwa ameingia kwenye kazi hii nywele zake zikiwa nyeusi; sasa zilikuwa mvi tupu.

Tuliporudi, Odom alipitisha swali tena. Lilipomfikia, Verna alimgeukia.

"Curtis, niulize sababu."

"Siruhusiwi, mama. Kanuni umeitunga mwenyewe."

"Niulize tu."

Odom alifuta mikono kwenye suruali. "Haya. Unaogopa nini?"

"Huenda kile kipimajoto kinasema kweli. Tukifungua, tangi litapasuka."

"Na tusipofungua?"

Verna aliutazama ule mstari. "Tutapoteza yote vilevile. Ila polepole, na hakuna atakayesema ni mimi."

Odom aliinamisha macho.

"Tayari," Verna akasema.

Nikafungua vali. Presha ya tangi dogo ikaanza kupanda, upesi kuliko nilivyopenda, na kidole changu kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kufunga.

"Usiguse," alisema Verna, akavuta kiti chake mpaka kikagusana na changu.